Herufi Inayoitwa «ya Afrika»: Ni Mkono wa Nani?

Angalia afishi za sherehe za utamaduni na majalada ya vitabu juu ya Afrika. Mara nyingi utakuta herufi moja nene, pembe zake kali, sawa vile mutu aliichonga kwa kisu ndani ya ubao. Watu wanasema: «Hii njo herufi yetu.» Hapana. Jina lake ni Neuland, maana yake «Inchi Mpya», na ilitoka Ujerumani mwaka 1923.

Aliyeifanya ni Rudolf Koch, fundi wa mji wa Offenbach. Hakuchora kwanza kwenye karatasi. Alikata kila herufi moja kwa moja ndani ya chuma, saizi kwa saizi. Ndiyo sababu A ya saizi ndogo haifanane kabisa na A ya saizi kubwa. Kazi hiyo naisifu. Haina herufi ndogo, ni kubwa tupu: inafaa kwa kichwa cha maneno mawili ao matatu. Ukiijaza ukurasa mzima, macho yanachoka.

Kosa si la Koch. Ni wengine, Ulaya na Marekani, walioiweka juu ya kila kitu cha pori. Mwaka 1993 iliandikia jina la filme Jurassic Park, filme ya wanyama wakubwa waliokwisha zamani sana. Basi tujiulize: juu ya nini herufi ya wanyama hao itangaze pia ngoma zetu na mababu zetu? Ni kusema sisi ni watu wa pori, hatujue kalamu.

Lakini mkono wetu uko. Hapa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alipakaa mwaka 1973 na 1974 picha karibu 100 za historia ya Zaïre, jina la inchi yetu wakati ule, na maneno aliandika mwenyewe kwa burashi ndani ya picha. Kinshasa, Chéri Samba alianza kwa kuchora mabango, mbele ya kufungua atelie yake mwaka 1975.

Mimi pia nilikosea. Tulipotayarisha afishi ya mchezo wa wanafunzi, kijana mmoja, baba yake fundi wa mabango ya maduka, alileta herufi zake: nene, nyekundu, na kivuli cha njano, S moja imelala kidogo. Tulicheka. Tukachukua ile ya ordinatere, ati ni «ya Kiafrika zaidi». Kijana alikunja karatasi yake, na hakuleta ingine tena.

Kila mtaa uko na fundi wa namna ile. Kwa afishi itakayokuja, tumuite yeye, tumupe rangi, na tumulipe.