Bei ya Mtu: Kumsoma Adrien Atiman Kando ya Tippu Tip

Ukiuliza nani aliyeisimulia njia ya misafara ya Tabora kwa kinywa chake mwenyewe, utaelekezwa moja kwa moja kwa Tippu Tip. Anastahili. Maisha yake, aliyoyasimulia kwa Kiswahili na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo za lugha yetu, na mpaka leo yana ladha. Mzee anajua kusimulia. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, madeni yanatajwa, magomvi yanaelezwa hatua kwa hatua. Waliozibeba hizo pembe ndio ambao mara nyingi hawana majina.

Sasa yupo mwingine, wa upande wa pili wa biashara hiyo hiyo, na huyu tunamsoma kidogo sana. Adrien Atiman alizaliwa Tundurma, kando ya mto Niger, yapata mwaka 1866. Akiwa mtoto alitekwa na Watuareg, akavushwa Sahara, na huko Algeria akanunuliwa na mapadri wa Kardinali Lavigerie, wale ambao kwa ajili ya kanzu zao waliitwa Mapadri Weupe. Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu pamoja na vijana wengine waliokombolewa. Mwaka 1888 akashika njia ya bara kutoka pwani, na mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Akatibu wagonjwa na kufundisha dini hapo kwa miaka 67, mpaka kifo chake mwaka 1956. Miaka kumi kabla hajafa, jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha simulizi ya maisha yake kwa Kiingereza.

Kanisani hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya shukrani: mtekaji mbaya, padri mwema, mtoto mweusi aliyeokolewa. Ni nyepesi kwa mahubiri. Shida inaanza inapofika Tabora na mtekaji akageuzwa kuwa "Mwarabu" tu, basi. Huu ni mji ambao adhana na kengele zinasikika mtaa mmoja, na ukoo mmoja una akina Yohana na akina Salum. Mtoto akifundishwa historia ya utumwa kwa rangi tatu, ataangalia dawati la jirani na kuanza kuhesabu nani alimfanyia nini nani. Huo si upatanisho hata kidogo.

Na maisha ya Atiman yenyewe hayakubali mpangilio huo. Waliomteka ni watu wa jangwani, maelfu ya kilomita kutoka Unyanyembe. Aliyetoa fedha ya mwisho ni padri. Tippu Tip naye, tunayemchora kama mgeni kabisa, alizaliwa Zanzibar na alikuwa na damu ya Kiafrika. Watemi wa huku Unyamwezi nao walikuwamo kwenye biashara, kwa pembe na kwa watu. Ukiisoma njia hii kwa uaminifu, kila upande una wa kwake wa kujibu.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Tunasema watoto hawa "walikombolewa", na neno linang'aa kwa sababu ya Mkombozi. Lakini mtu akiweka saa yake rehani, akilipa deni anaikomboa. Na mzigo ukikwama bandarini unagombolewa. Ni maneno ndugu, na katika yote kuna malipo. Hata "kupatana" tunakotumia kwa waliogombana ndiko tunakotumia sokoni tukielewana bei. Kwa hiyo swali la kumuuliza Atiman ni la kawaida tu: ukishalipiwa, unakuwa wa nani?

Najua jibu litakalotolewa. Je, wangemwacha kwa wauza watu? Hapana. Mtoto aliye mbele yako na kamba shingoni hasubiri mjadala. Ila kumnunua kulikuwa mwanzo wa haki, na Kanisa mara nyingi limesimulia kana kwamba kulikuwa mwisho wake. Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, palikuwa na kituo cha watoto waliokombolewa katika miaka ya 1880. Walikulia chini ya ulinzi wa misheni, na misheni ndiyo iliyowapangia kazi na maisha. Atiman mwenyewe alioa Karema, na mwanawe Joseph akapadrishwa mwaka 1923. Tabora ilipata askofu mkuu Mwafrika, Marko Mihayo, mwaka 1960, miaka minne baada ya Atiman kuzikwa. Hapo unaona haki ilivyotembea: kwa mwendo wa mpagazi, na mzigo kichwani.

Kama fasihi, tusidanganyane, Tippu Tip anamshinda. Anasema kwa lugha yake, anatania, anajisifu. Atiman anatufikia kwa lugha za waliomlea, na shukrani imetawala mpaka hasira utaitafuta kwa kurunzi. Mimi siichukulii shukrani hiyo kuwa ya uongo. Naisoma kama sauti ya mtu aliyejua wasomaji wake wa kwanza ni akina nani. Mwenye deni hasemi yote mbele ya anayemdai.

Ndiyo maana natamani vitabu hivi viwili visomwe pamoja, kwa Kiswahili, vikiwa na maelezo ya kutosha. Tabora ina uwezo huo: TMP, idara ya vitabu ya Kanisa, ilitoka hapo hapo Kipalapala na imelisha wasomaji wa Kiswahili kwa miaka mingi. Toleo la namna hiyo lisomwe kwenye ukumbi wa parokia, na majirani Waislamu waalikwe kama wasomaji wenzetu, siyo kama washtakiwa. Mmoja asome ukurasa wa frasila, mwingine asome ukurasa wa mtoto aliyeuzwa. Halafu watu waulizane, bila haraka ya kushikana mikono, bei ile ililipwa na nani na nani bado anaidai.