Majina ya Vito kwa Watoto wa Kike

Wako walimu wasemao ya kuwa Lulu, Johari na Zumaradi ni majina ya anasa, yasiyomfaa binti wa mvuvi. Twaona hukumu hiyo ni ya haraka.

Tutazame Fundo, kisiwa kilicho magharibi ya Pemba. Ardhi yake ni jiwe la matumbawe, wala hatusikii mtoto aitwaye Tumbawe. Jina ni Marijani, ambalo hata wanaume huitwa, nayo ni matumbawe mekundu ya thamani yaliyoletwa na biashara kutoka bahari ya Mediterania. Mzazi hatwai jiwe alikanyagalo, hutwaa lile alitamanilo. Rangi vivyo hivyo: hasemi Nyekundu, husema Humaira, neno la Kiarabu lenye maana hiyo kwa upole.

Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858, aliyafananisha mausia yake na kidani cha lulu na marijani. Jina nalo ni pambo la namna hiyo, na maskini aweza kulitoa.

Iko lawama moja yenye haki. Kabla ya amri ya 1897 iliyoondoa utumwa mbele ya sheria Unguja na Pemba, mabwana waliwaita watumwa wao Almasi na Feruzi. Hapo kito kilikuwa sifa ya mali; kinywani mwa mama ni sifa ya mwana. Basi mwalimu asilikemee jina kabla hajauliza ni nani aliyelitoa.