Nani Aliyemgundua Silikanti? Uhakiki wa Old Fourlegs cha J. L. B. Smith

Kitabu hiki, kilichotoka mwaka 1956, ni cha sayansi, lakini ukikisoma utadhani ni riwaya. Kinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, mhusika mkuu ni Smith mwenyewe, na anayesakwa ni silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria. Mwaka 1938 mmoja alinaswa karibu na East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo aliokoa ngozi. Viungo vya ndani vilikwisha kutupwa. Smith akamtafuta mwingine kwa miaka 14.

Taharuki imejengwa vizuri, sikatai. Sehemu ya mwaka 1952, Smith anapohangaika kupata ndege ya jeshi impeleke Komoro kabla samaki hajaoza, niliisoma usiku mmoja bila kulala.

Kasoro naiona kwenye tangazo. Smith alichapisha karatasi yenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, ikasambazwa pwani ya Afrika Mashariki na visiwani. Iliandikwa kwa Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Kiswahili hakimo, wala Kikomoro. Lugha tatu za watawala; mwenye ndoano na mshipi aangalie picha! Na kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote, wakimwita gombessa, na nyama yake hawakuijali. Kinachojulikana kijiji kizima kinagunduliwaje? Usimulizi wa Smith hauyumbishwi na swali hilo. Mvuvi wa Nzwani aliyemvua yule wa 1952 hupita kama mhusika mdogo, akalipwa, basi.

Jina la kitabu nalo, yaani Mzee Miguu Minne, limetokana na dhana kwamba silikanti hutambaa chini kwa mapezi yake. Hans Fricke alipomshuhudia kwa nyambizi ndogo mwaka 1987 alimkuta anaogelea tu. Kwa hilo simlaumu Smith, aliyekuwa na mizoga peke yake.

La mvuvi ni zito zaidi, kwa sababu halijaisha. Kuanzia miaka ya 2000 silikanti walinaswa Tanga katika majarife ya papa yaliyotegwa kilindini, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Utafiti wa 2021 uliosoma alama za magamba unakadiria kwamba huishi karibu miaka 100 na kubeba mimba kama miaka 5. Jike mmoja akifia wavuni si hasara ya msimu mmoja. Anayejua jarife limetegwa wapi na kwa kina gani ni mvuvi, naye huzungumza Kiswahili. Hata kwetu kando ya Ziwa Viktoria, mtafiti huja, hupima sangara, huondoka. Ripoti haimrudii aliyempigia kasia.

Maktabani kwetu hakuna tafsiri ya Kiswahili ya kitabu hiki. Atakayeifanya naomba aongeze sura moja, na aende kuichukua Tanga, kwa watega majarife.