Beringi Haisifiwi kwa Kuteleza

Juzi hapa Kanduyi, kwenye mashine moja ya posho, kijana alizungusha shafti kwa kidole. Ikaenda, ikaenda, na watu wakashangilia: "Huyu ndiye fundi!" Niliuma meno. Beringi yenye grisi ya kutosha huwa nzito kidogo mkononi. Ile inayoteleza hivyo imeoshwa kwa petroli au imekwisha.

Mmoja akadakia kwamba ng'ambo wameachana na gololi, siku hizi shafti inaelea kwenye sumaku. Inaelea kweli, na kwa kasi inaishinda gololi. Ila chuma kikishashiba sumaku, hata umwage umeme wa kijiji kizima hakiongezi nguvu ya maana. Sumaku yenye ukubwa wa beringi ya gololi ya 6308, kwa hesabu yangu, itabeba kilo 40 hivi. 6308 yenyewe ikiwa imetulia hustahimili zaidi ya tani 2. Na hata hizo za sumaku huwekewa gololi za akiba, maana umeme hupotea. Kwetu hupotea kila mvua ikinyesha.

Ukitaka kumjua fundi, mwombe beringi aliyoitoa. Ipasue, ifute, igeuze kwenye jua utazame njia ya gololi. Hapa ndipo wengi hawatazami kabisa. Mkanda ukivuta sawasawa, pete ya ndani huchorwa mzunguko mzima, na ya nje huchorwa upande wa mkanda tu, katikati, chini ya nusu duara. Njia ikienda mshazari, shafti haikunyooka. Pete zote mbili zikichorwa mzunguko mzima, beringi ilibanwa mno. Ukikuta vishimo vilivyopangana kama gololi zenyewe, kuna mtu aligonga pete ya nje kwa nyundo ili kuisukuma ya ndani.

Mzee mmoja wa Kitale aliyenifunza kazi aliletewa beringi ya tatu ya mashine ileile ndani ya miezi michache. Njia ya nje ilizunguka yote, ya ndani ilikaa upande mmoja. Hakuuliza kitu. "Nendeni mkapime nyundo za mashine." Moja ilikuwa imeliwa hadi nusu, uzito hauko sawa. Yeye alichemsha beringi kwenye sufuria ya oili, akaivisha shafti kwa mikono kama pete ya arusi. Enzi hizo injini ya Lister ikiunguruma ng'ambo ya mto ulijua ni ya nani.

Siku hizi shafti ikilika wanaitobolea vishimo kwa panchi, au wanaizungushia bati la kopo la soda, beringi inabana mpaka Ijumaa. Mkanda nao wanaukaza kama gitaa, na mzigo ukiwa maradufu umri wa gololi unagawanywa kwa nane. Fundi anayepiga mluzi akiweka beringi usimpe kazi. Usiniulize kwa nini.

Yule kijana nilimwomba ile beringi ya zamani aliyoitoa. Akacheka. Alikuwa ameshampa mtoto, anaisukuma kwa fimbo.