Barafu Itoe Jasho Kwanza

Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei. Sadaka za huko zimeitegemeza miaka mingi, lakini sadaka haipakii chanjo.

Muuguzi wa kliniki ya mkoba haitoi barafu kwenye friza na kuipakia papo hapo. Huiacha itoe jasho, huitikisa mpaka asikie maji yakicheza ndani ya pakiti yake, maana chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika. Nyuzijoto 2 hadi 8, basi. Chanjo iliyoganda ikishayeyuka, kwa haraka huwezi kuitofautisha na nzima. Uaminifu wa muuguzi ndio ulinzi.

Kisha gari, vumbi, makorongo.

Kijijini mzani hutundikwa mtini, watoto hulia (nani asingelia?), kadi hujazwa moja moja. Vichupa visivyofunguliwa hurudi kwenye jokofu, vikiwa vimehesabiwa.