Oili ya Giaboksi ya Golf GTI Hupimwa Injini Ikiunguruma

Golf GTI nyingi za Nairobi na Mombasa zilitumika kwanza Japani, na giaboksi zake za DSG zilikuja bila historia inayosomeka. Kitabu cha sevisi hakipo, au kipo kwa Kijapani. Volkswagen huagiza oili na filta ya giaboksi hii vibadilishwe kila kilomita 60,000. Kwa gari usilojua lilikopita, ni busara kuchukulia kwamba hakuna aliyevigusa. Kazi yenyewe yaweza kufanywa nyumbani na mtu aliyezoea kushika spana. Ninayoichambua hapa ilifanywa kwenye GTI ya kizazi cha tano, ya injini ya lita 2.0 yenye turbo na nguvu za farasi 200. Kumwaga oili chafu ni rahisi. Kujua kiasi kilichobaki ndani ndiko kugumu, na ndiko kunakokosewa hata gerejini.

GTI hiyo ina giaboksi ya DQ250 ya gia sita, iliyoanza kuuzwa kwenye Golf R32 mwaka 2003. Ndani yake mna klachi mbili zinazoogelea kwenye oili: moja hushika gia ya 1, 3, 5 na rivasi, nyingine hushika ya 2, 4 na 6. Gia inayofuata huwa imekwisha kuingia kabla ya ile ya sasa kuachia, na hapo ndipo raha ya gari hili ilipo. Golf ya 1.4 TSI yenye gia saba hutumia DQ200, ambayo klachi zake ni kavu. Maelezo haya hayaihusu. Hakikisha unayo ipi kabla ya kununua chochote.

Oili ya DQ250 ni moja tu, na imebebeshwa kazi zote. Inalainisha gia na beringi, inapoza klachi, na inasukuma pistoni zinazobana klachi hizo na kuhamisha gia. Pampu yake inaweza kuzungusha hadi lita 100 kwa dakika kwa shinikizo la bar 20. Vumbi linalomomonyoka kwenye pleti za klachi huingia kwenye oili hiyo hiyo inayopita katika vali nyembamba za mekatroniki, ule ubongo wa giaboksi ambao kuubadilisha kunagharimu pesa nyingi. Ndiyo maana napinga kabisa kutumia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) yoyote inayopatikana dukani. Oili inayotakiwa ina namba ya Volkswagen G 052 182, na Pentosin FFL-2 ni mojawapo ya zinazokidhi. Nunua lita sita, filta yenye mpira wake wa kuzuia uvujaji, na washa mpya ya plagi.

Gari lilipandishwa juu ya stendi nne, likalala sawasawa kama lilivyo barabarani. Wengi huinua mbele peke yake kwa sababu ndiko waliko na kazi. Kwa oili ya injini hilo halina madhara makubwa, lakini hapa kipimo ni urefu wa kimrija kilicho ndani ya tundu la plagi: gari likiinama, kipimo nacho kimeinama. Na kwa kuwa baadaye injini itawashwa huku mtu yuko chini, stendi ziwe imara, sakafu iwe ya saruji, na mtu wa pili aketi kwenye usukani. Jeki peke yake haifai hata kwa dakika moja.

Plagi ya kumwagia iko chini ya giaboksi, nayo hufunguliwa kwa alenki ya milimita 14. Ukiitoa, oili hutiririka kidogo kisha hunyamaza. Anayedhani imekwisha hapo amebadilisha sehemu ndogo tu. Ndani ya tundu mna kile kimrija cha plastiki, kinachofunguliwa kwa alenki ya milimita 8. Kikitoka ndipo mkondo wenyewe unapoanguka. Hutoka takriban lita tano, ilhali giaboksi nzima hubeba lita 7.2 inapojazwa kiwandani. Kiasi kinachobaki kimejificha ndani ya klachi, mekatroniki na kipozeo, hakishuki. Oili iliyotoka hapa ilikuwa ya kahawia iliyokoza, na tuliimimina kwenye chupa zenye alama za lita. Usipoipima oili iliyotoka, huna pa kuanzia unapojaza.

Kimrija hurudishwa kwa mkazo wa Nm 3, ambao ni mkono mwepesi kabisa. Ni plastiki, na kikikatika ndani ya tundu, kazi ya mchana mmoja imegeuka ya wiki.

Filta iko juu, upande wa betri. Betri na trei yake hutolewa, pamoja na mabomba ya hewa yanayoziba njia. Kifuniko chake hufunguka kwa soketi ya milimita 24. Kilegeze, ukiache kidogo oili irudi ndani, kisha ukiinue. Angalia filta ya zamani ilivyokaa kabla ya kuitupa, maana mpya ina upande wake wa chini. Kifuniko hukazwa kwa Nm 20, nacho pia ni cha plastiki.

Kuna njia mbili za kujaza. Gerejini husukuma oili kutoka chini, kwa adapta inayofungwa kwenye tundu la plagi. Nyumbani ni rahisi, plagi ikiwa imerudishwa na filta mpya haijaingia, kumimina kutoka juu, kupitia nafasi ya filta, kwa faneli na mpira mwembamba, polepole. Nimechagua njia ya juu kwa sababu kiasi kinaonekana kwenye chupa. Tulitia nusu lita zaidi ya iliyotoka, kwa makusudi. Kimrija kile kinamwaga kilichozidi, upungufu hakiuoneshi. Ukiweka pungufu, hakuna tone litakalodondoka, na mtu mwenye haraka atafunga plagi akiamini mambo yamekaa sawa.

Kisha huja kipimo chenyewe. Filta, kifuniko na betri vikisharudi mahali pake, injini iwashwe, leva ipitishwe kwenye P, R, N na D kwa sekunde chache kila mahali huku breki imekanyagwa, kisha irudi P. Oili ikifika kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi, injini ikiendelea kuunguruma, plagi inafunguliwa. Kilichozidi hushuka kama uzi, na uzi ukigeuka matone, unafunga kwa Nm 45. Joto husomwa kwa kifaa cha kompyuta ya gari. Kwenye programu ya VCDS ni kundi la 019 la giaboksi. Kukisia kwa kugusa chuma hakutoshi.

Kwa nini injini iwe inazunguka? Ikizimwa, sehemu ya oili iliyokuwa kwenye mzunguko hushuka chini na kupanda juu ya kimrija. Ukiiacha imwagike hadi matone, umeondoa oili iliyokuwa ya klachi. Na joto? Oili hupanuka. Kati ya nyuzi 40 na 80, lita saba huongezeka kwa takriban lita 0.2. Anayepima gari likitoka safarini humwaga hiyo lita 0.2 akidhani ni ziada, na ikipoa giaboksi inabaki na upungufu. Anayepima ikiwa baridi mno hufanya kinyume, na oili ikipata moto huzidi.

Mombasa dirisha hili ni jembamba. Mchana hewa peke yake hukaribia nyuzi 30, kwa hiyo oili huanza karibu kabisa na mpaka wa chini, na injini huisukuma haraka kupitia kipozeo kinachotumia maji yale yale ya injini. Anza alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, na uwe na alenki mkononi kabla ya kuwasha. Ukipitwa na nyuzi 45, zima, subiri ipoe, rudia. Nairobi asubuhi hukupa nafasi zaidi.

Baada ya kazi hii, gari lilipanda gia ya pili bila ule mshtuko mdogo wa mwendo wa polepole. Nisingemwahidi mtu zaidi ya hapo. Klachi iliyoisha au mekatroniki yenye hitilafu haitibiwi na oili, na taa ya gia ikiwa inamweka kwenye dashibodi, soma kosa kwanza kabla ya kununua filta. Kwa gari linalotambaa kwenye foleni za Nairobi kila siku, klachi zikiteleza na kuchemsha oili, mimi ningebadilisha kila kilomita 40,000. Vivyo hivyo kwa GTI iliyoongezwa nguvu kwa programu, kwa kuwa DQ250 ilipangiwa Nm 350 na injini ya kiwandani hutoa 280.

Zile lita tano za zamani zisiishie mtaroni, wala kwenye nguzo za ua kama dawa ya mchwa. Zifunge kwenye madumu ilimotoka oili mpya, uzipeleke kwa wanaokusanya oili chakavu.