Paa Kisimani

Katika hadithi ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 miongoni mwa ngano alizozikusanya Unguja, paa humtoa maskini jaani, humposea binti wa sultani, humuua nyoka ili bwana wake apate jumba. Kisha paa augua, na bwana hamjali. Afapo, atupwa kisimani. Bwana naye azinduka yu jaani, achakura punje za mtama.

Mzazi anunuapo kitabu hutazama jalada, ukubwa wa herufi na funzo. Si vibaya; lakini kipimo ni kile kisima. Kitabu kinachomponya paa ukurasa wa mwisho, watu wakala pilau, kimemnyang'anya mtoto ghadhabu yake ya haki. Na mchoraji? Asirudie yaliyokwisha kusemwa. Achore jaa tupu.

Si lazima kila mwisho uwe mchungu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), ndugu waliogeuzwa manyani husamehewa, ila baada ya mijeledi mingi. Msamaha huo umelipiwa. Riwaya hiyo yamfaa kijana wa miaka 12. Mdogo wake asomewe paa, kwa sauti, na wafikapo kisimani mzazi asifunike kitabu.